Kufunika Ndoo

Fulana zililetwa kutoka Masasi mjini siku ya Alhamisi, mia mbili na ushee, na kila moja ilikuwa na uso wa Mwalimu Elineema kifuani. Chini ya uso, kwa herufi nyekundu: MWASISI WA SIKU YA NDOO. Mwalimu alipooneshwa alisema zimependeza. Kisha akaingia ndani, akakaa kitandani na viatu vyake miguuni, na chakula cha mchana hakukigusa.

Asiyeijua Siku ya Ndoo hajafika Makote mwezi wa Novemba. Watu hukusanyika kwenye tangi la maji la kijiji, kila mmoja na ndoo tupu au debe. Mwalimu hupiga ndoo ya kwanza, na hapo kijiji kizima hulipuka kwa kelele. Pikipiki hufungwa vitambaa, wanafunzi hujipaka unga usoni, akina mama hupiga vigelegele mpaka sauti zikauke. Msafara hupita barabara ya kijiji hadi kwenye kiwanja kitupu chenye mabaki ya nyumba iliyobomoka. Hapo kila mtu hufunika ndoo yake chini, mdomo ukitazama ardhi, na wote hunyamaza kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini. Kisha ni uji, korosho za kukaanga na muziki. Ukiuliza kwa nini ndoo, utaambiwa zinaita mvua. Ukiuliza kwa nini pale, wazee watakuongezea uji, na vijana watakuambia ndivyo tulivyokuta.

Walivyokuta! Mtu aliyeyaanzisha alikuwa hai, na alikuwa anakula sherehe yao mwaka hadi mwaka.

Miaka ishirini na miwili nyuma, Elineema alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mpare aliyeletwa na ajira, tena katibu wa kamati ya maji. Mlinzi wa tangi alikuwa Husseni Hamudi, mtu mpole, mwenye funguo kiunoni. Mwezi wa nane mwaka ule Husseni alimfuata shuleni saa za kutoka. Akamwambia, "Mwalimu, tangi lina ufa upande wa chini. Linavuja. Tutafute saruji mapema." Elineema alikuwa na mitihani ya darasa la saba kichwani. Akajibu kwamba ataliandika. Hakuliandika. Huyu ndiye aliyekuwa akiwaimbisha watoto kila wiki kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Novemba maji yakaisha, na mvua bado. Wanawake wakarudi kuteremka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani, na hasira ikawa inapanda nao. Watu wakakutana kwenye tangi. Mmoja akasema miche ya mikorosho ya Husseni mbona ya kijani peke yake? Maji yale ya miche mkewe, Somoe, alikuwa akiyabeba bondeni kwa kichwa chake, lakini nani alitaka kusikia? Husseni akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tangi linavuja. Nilimwambia Mwalimu."

Macho yote yakageuka. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Elineema aliiona kamba. Alijiona anafukuzwa, kazi imeota mbawa, mizigo iko barabarani.

"Mimi?" akasema. "Hakuniambia."

Macho hayakuondoka upesi kama alivyotaka. Basi akaokota ndoo tupu ya mtu, akaipiga kwa jiwe. "Twendeni kwake tukamwoneshe kiu yetu!" Wakamfuata. Wakaenda wakipiga ndoo nyuma ya Husseni mpaka kwake, wakazifunika mlangoni pake moja baada ya nyingine, kisha wakanyamaza wakimtazama. Somoe alikuwa amesimama kizingitini na mtoto mgongoni. Kesho yake asubuhi familia hiyo ilihamia Lisekese.

Siku ya nne mvua ikanyesha, watu wakacheka. Kumbe ndoo zinaita mvua! Mwaka uliofuata mvua ilipochelewa wakamwambia, "Mwalimu, tuanzishie tena." Akaanzisha. Ulipokuja wa tatu, ikawa sherehe.

Tangi lilipojaa, ufa ulionekana wazi, maji yakitiririka chini. Elineema na mwenyekiti wa wakati huo, marehemu Majaliwa, waliuziba kwa saruji siku ambayo watu wote walikuwa mashambani wanapanda. "Yamekwisha, Mwalimu," Majaliwa alisema akinawa mikono. "Tusifukue." Na Elineema, Mungu amsamehe, alifurahi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kila mwaka iliongezewa vigelegele.

Ijumaa jioni alikuja Maryam, mwalimu mpya wa shule ya msingi, binti aliyewazoesha wanafunzi mapigo ya ndoo ya mwaka huu.

"Shikamoo, Babu Mwalimu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Kesho baba yangu anakuja kutoka Lisekese. Nilimsimulia Siku ya Ndoo, akaniuliza msafara unaanzia wapi na unaishia wapi. Nilipomwambia, akasema atakuja. Nimeshangaa, maana baba si mtu wa sherehe."

"Baba yako ni nani?"

"Husseni Hamudi. Anasema aliwahi kuishi huku, wakahama kwa ajili ya shamba. Labda mnafahamiana."

"Tunafahamiana," alisema Elineema, na aibu ikamshika mpaka masikio yakawaka. Mtu yule hakuwaambia hata watoto wake. Alikuwa amemfichia siri mwongo wake.

Jumamosi asubuhi Husseni alikuwapo, amesimama karibu na tangi, kofia nyeupe kichwani, mkono mmoja umeegemea fimbo. Binti yake alikuwa amempa fulana. Hakuivaa. Alikuwa ameikunja vizuri na kuibana kwapani. Elineema alijipanga kusema yote kabla ya kupiga ndoo. Alikuwa ameyarudia maneno tangu alfajiri.

Mshereheshaji, kijana Ashiru, akapaza sauti kwenye kipaza sauti, "Mwalimu, tuanzishie!"

Watu walikuwa wanatabasamu. Wageni kutoka Newala walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki. Elineema akafungua mdomo, akaona nyuso zile za furaha, na mkono wake ukapiga ndoo. Alipiga tena mbele ya mtu yuleyule, na safari hii hakuna aliyemtisha. Alijidharau kuliko siku zote.

Njiani alipunguza mwendo hadi akawa sambamba na Husseni.

"Shikamoo, Mzee Husseni."

Kelele zilikuwa nyingi. Husseni aliendelea kutazama mbele, na Elineema hakujua kama hakusikia au hakutaka.

Wakafika kiwanjani. Ndoo zikaanza kufunikwa. Maryam naye akainama, akaiweka ndoo yake ya bluu chini, mdomo ukitazama ardhi, palepale ulipokuwa mlango wa mama yake, akasimama akitabasamu kama mtoto aliyepatia jibu. Mama huyo alizikwa Lisekese. Hesabu ya ishirini ikaanza. Hapo Elineema hakuweza tena.

"Husseni aliniambia," alisema.

Ashiru akamgeukia. "Mwalimu?"

"Aliniambia tangi lina ufa. Mlipouliza, nikasema hakuniambia. Niliogopa. Hakuiba maji. Ndoo hizi hatukuzipiga kuita mvua, tulizipiga kumfukuza, na mimi ndiye niliyetangulia. Hapa mnapofunika palikuwa mlangoni kwake."

Mmoja alicheka akidhani ni mzaha, akakikatiza kicheko katikati. Maryam alimtazama baba yake, kisha akaitazama ndoo yake, akainama na kuigeuza taratibu. Huko nyuma, ambako sauti ya Mwalimu haikufika, hesabu ya ishirini ilikwisha na watu wakaanza kushangilia na kupiga madebe. Ashiru aliinua mkono kuwanyamazisha. Ilichukua muda.

Husseni alisogea mpaka wakawa uso kwa uso. Elineema alisubiri tusi, au msamaha. Lolote kati ya hayo lingempumzisha.

"Marahaba, Mwalimu," alisema Husseni.

Kisha akachukua kipaza sauti mkononi mwa Ashiru, akampa Elineema.

"Sema tena. Wa nyuma hawajasikia."

Kila Elineema alipoangalia, uso wake mwenyewe ulikuwa unamcheka kwenye vifua vya watu. Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akaanza upya, na mara hii alianza kwa kutaja jina lake.