Figo ya Kaka, Unga wa Wifi

Kwangu kiti hakipoi. Apitaye akisikia vicheko huingia "dakika moja tu", na hiyo dakika hunywa chai, hula, ikaaga jua limezama. Ndivyo ninavyopenda, na sikuwahi kuona ubaya wake mpaka mdogo wangu alipotoka hospitali na figo ya kaka yetu mwilini mwake.

Kaka ni dereva wa lori. Alipoitoa alitania kwamba moja inamtosha, mbona lori lake lina injini moja na linafika. Mdogo wangu ni fundi cherehani, na kabla ya hapo miguu ilikuwa imemvimba hata pedali haikanyagiki. Figo ilipoanza kazi akarudi kwenye sura yake, akaja kujiuguza kwangu. Watu wakamiminika kumpa pole.

Mbele yao wote, wifi yangu, dada wa mume wangu, msusi. Tunamwita Redio, na betri yake haiishi. Siku ya kuruhusiwa alitusindikiza, akamsikia muuguzi kwa masikio yake: vidonge hivi vinapunguza kinga ya mwili, na mgonjwa asiache kuvimeza maisha yake yote. Nusu ya kwanza akaibeba. Ya pili akaiacha palepale wodini.

Sebuleni akaitangaza ile nusu yake. Eti mtu hana nguvu, halafu anapewa dawa ya kummalizia kinga. Watu wakaguna. Jirani yetu fundi bomba akasema hata yeye alikuwa na wasiwasi huo. Shangazi akatikisa kichwa kama aliyesomea. Redio akatoa kopo la unga wa kijani, ule anaouweka saluni pembeni ya mafuta ya nywele, unaopandisha kinga, akampa mdogo wangu bure, kwa mapenzi. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai ya jeshi zima. Na mdogo wangu hajui kumwambia mtu hapana. Akaanza kunywa unga, vidonge akavificha chini ya mto. Hakuniambia, maana ananijua.

Haukupita muda akashikwa na homa. Pale chini ya tumbo walipompandikiza figo pakawa panauma ukigusa, mkojo ukapungua, uso ukaumuka kama andazi. Tukamkimbiza hospitali.

Daktari wa figo, mama mfupi mwenye sauti ya chini, alimsikiliza mdogo wangu akikiri habari za unga na vidonge vya chini ya mto mpaka mwisho, kisha akavua miwani. Afadhali angefoka. Akatueleza taratibu kwamba mwilini mna seli za damu zilizoumbwa kuua. Zinazaliwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, kisha zinakwenda kusoma kwenye tezi ndogo kifuani, juu ya moyo. Shule hiyo haina kurudia darasa. Isiyoweza kusoma kitambulisho cha mwili inakufa. Inayotaka kupiga watu wa nyumbani nayo inakufa. Nyingi zinaishia humohumo. Chache zinazofaulu zinazurura mpaka zionyeshwe alama ya mgeni, na hapo ndipo zinapozaana na kuwa kundi. Kila moja ikimkuta mlengwa inamkumbatia kifua kwa kifua, inamtoboa, inammiminia sumu inayomlazimisha ajibomoe mwenyewe kutoka ndani. Jirani wa pembeni haimgusi. Ikimaliza inajibandua, inakwenda kwa mwingine.

"Lakini daktari," nikasema, "aliyempa ni kaka yake. Damu moja."

"Kwenu ninyi ni damu moja. Kwa seli zile kitambulisho kinatofautiana. Vidonge vilikuwa vinazizuia zisiitane. Ameviacha, zimeitana. Sasa hivi tunavyoongea, zinaimaliza figo ya kaka yenu."

Nikapandwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa juu ya seli. Zile zilikuwa zinafanya kazi ziliyosomea. Zilipita kwenye mtihani unaoua! Sisi sebule nzima tulimfundisha mgonjwa dawa, na hakuna aliyeulizwa hata swali moja.

Kaka alikuja moja kwa moja kutoka safari, vumbi hadi kwenye nyusi. Akaketi kwenye benchi, kiganja juu ya mshono wake. Safari hii hakutania.

"Mimi sikuitoa ije kuuawa na maneno," akasema.

Wakamtundikia mdogo wangu dripu ya dawa kali ya kuzituliza zile seli. Tukawa tunasubiri mkojo kama watu wanaosubiri mvua. Ulipoanza kuja, daktari akasema figo imepona kufa, ila sehemu iliyobomolewa haitarudi. Iliyobaki itamtosha, asipoacha vidonge tena.

Tulipomrudisha nyumbani, watu walewale wakaja na pole zilezile. Redio mbele, na kopo jipya.

"Wifi, kopo libaki nje na viatu," nikamwambia.

Akacheka. Akaona uso wangu, akaacha. Akasema alitaka mema, na kinga haijawahi kumdhuru mtu. Basi nikamwonyesha mdogo wangu pale kwenye kochi, nikamweleza yote ya daktari mbele ya wote walioguna. Fundi bomba akawa anatazama dari kana kwamba inavuja. Shangazi alikumbuka ana nguo kwenye kamba.

Aibu yao haikunitosha. Mdogo wangu atameza vidonge maisha yake yote, na kila atakapokwenda kutakuwa na mtu aliyeisikia ile nusu. Asubuhi nikamfuata Redio saluni, vichwa vimejaa, mmoja nusu kasukwa.

"Waambie," nikasema. "Kwa mdomo uleule."

Akakohoa. "Vile vidonge vya mdogo wa wifi yangu huyu," akaanza, "vinapunguza kinga ya mwili."

"Na nusu ya pili?"

Akanitazama kwenye kioo, kitana kikining'inia mkononi. Wateja wote wakageuka.

"Na asiache kuvimeza," akasema, "maisha yake yote."

"Rudia. Huyu wa mwisho hakusikia."

Akarudia.