Chafya ya Sabina

Sabina Kashindye alikuwa mtafiti wa akili za sokwe, na sanduku lake la plastiki inayoonyesha ndani alilitunza kuliko viatu vyake. Siku hiyo, kwenye kisiwa wanakoishi sokwe wake, alitia karanga ndani, akagonga mfuniko kwa kijiti mara tatu, akalizungusha, kisha akafungua kimlango cha pembeni. Sokwe aitwaye Malimi alitazama, akaona kugonga hakuna kazi. Zamu yake ilipofika alifungua kimlango moja kwa moja, akala, akajilalia.

Kesho yake Sabina akalipeleka sanduku lilelile shule ya awali huko Mkuyuni. Akagonga, akazungusha, vumbi la chaki likamwingia puani, akapiga chafya ya kutikisa darasa, ndipo akafungua. Kisha akaitwa mbele mtoto mmoja, Precious, mwenye miaka mitano. Akagonga mara tatu, akazungusha, akajikamua chafya, akafungua. Wenzake wote thelathini wakafuata, chafya kwa chafya.

Chenge, baba yake Precious, aliyekwisha kusikia habari za Malimi, alikuwa dirishani, aibu imemjaa.

"Dada, huyo sokwe wako naye alipiga chafya?"

"Hapana, baba Precious. Yeye alikula tu."

"Basi mwanangu kashindwa na sokwe!"

"Wala. Sokwe anatazama karanga, mtoto anamtazama mtu. Precious anaamkia wakubwa, anakula ugali kwa mkono wa kulia. Uliwahi kumweleza sababu?"

Chenge akajikuna kichwa. "Hebu lete hilo sanduku." Akagonga mara tatu, akazungusha, akasita. Watoto wote wakamkazia macho. Akapiga chafya.

"Nisije nikakosea mbele za watu," alinong'ona.

Wiki iliyofuata Mwalimu Anyango wa darasa lile akapiga simu.

"Sabina, njoo uchukue chafya yako! Hawafungui daftari wala hawanywi uji bila chafya. Kuna mgeni kahamia juzi kutoka Kiseke, wamemnyima kikombe mpaka ajifunze."

Sabina akaenda, akaeleza kwa upole kwamba lile lilikuwa vumbi tu. "Ndiyo, madam!" wakaitikia wote. Akainua kikombe cha uji awaonyeshe.

Precious akamzuia mkono. "Madam, hujapiga chafya."

Miaka sita na sokwe, hakuna hata mmoja aliyewahi kumsahihisha. Sabina akacheka hadi machozi, akakunja pua, akajaribu. Haikutoka.

"Jaribu tena, madam," alisema Precious kwa huruma, na uji ukaendelea kupoa.