Matofali Mawili ya Banda la Kuku

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama kwenye sifuri.

Sifuri yenyewe ilikuwa shambani kwetu Usangi, katikati ya migomba, ila mlima wote ulikuwa umechorwa miraba kama daftari la hesabu la Nakijwa. Nakijwa ni mjukuu wangu, tena mke mwenzangu, maana babu yake humwita mchumba mbele yangu bila haya. Barabara moja ilikwenda mlalo, nyingine ikasimama wima mpaka mawinguni. Pale zilipokatana ndipo nilipokuwa mimi, na kanga moja, bila viatu.

Sikushangaa. Jioni Nakijwa alikuwa amesoma kwa sauti pale jikoni mpaka ugali ukashika ukoko: mteremko ni umepanda kiasi gani, gawanya kwa umekwenda mbele kiasi gani. Mistari yenye mteremko sawa ni sambamba, haikutani. Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini masikio yangu bado yanaendelea na masomo.

Rohoni nilikuwa na jambo lingine. Mimi na mume wangu, Baba Namkunda, vitanda vyetu vimekaa ubavu kwa ubavu tangu alipoanza kukoroma. Kila usiku mkono wake unavuka, unashika wangu, ndipo tunalala. Sasa daktari kasema kile kiungulia chake kinataka kitanda kiinuliwe upande wa kichwani. Mume wangu akaweka matofali chini ya miguu ya upande huo. Tangu hapo yeye yuko juu kama mchungaji mimbarini, mimi niko bondeni, na mkono haufiki.

Jana akaniambia, "Mama Namkunda, nakusumbua na kukohoa huku. Kesho nahamishia kitanda changu chumba cha mbele."

"Hama," nikamjibu. "Utaniachia hewa."

Kisha nikageukia ukutani, nisionekane uso.

Basi niko sifurini. Mara kitanda cha Baba Namkunda kinatokea bondeni, kinapanda kwa miguu yake minne, kimevaa ile kofia yake ya sufu. Mwenyewe yuko juu yake, anakoroma.

"Shikamoo, mama," kitanda kinasema.

"Marahaba. Mnaelekea wapi?"

"Moja kwa moja. Sisi mistari hatuna kwingine."

Mbele yetu ameketi Pima Maji, kile chombo cha fundi wa nyumba chenye povu ndani ya kioo. Povu ndilo jicho lake, na leo yeye ndiye hakimu.

"Mteremko wako?" anakiuliza kitanda.

"Miraba minne mbele, tofali moja juu. Robo."

"Na wewe mama?"

Najitazama. Nimelala chali kitandani kwangu, sijui nimepanda saa ngapi. "Mimi sipandi, sishuki."

"Sifuri. Robo na sifuri haziko sawa, kwa hiyo mtakutana."

Napiga kigelegele mpaka migomba inatikisika. Twende basi! Yeye anapanda, mimi naenda tambarare, tunakaribiana, na kweli tunakutana. Mkono wake unashika wangu. Joto ni lile lile.

Halafu mkono unachomoka. Kitanda chake kinaendelea kupanda.

"Shika breki!" nakipigia kelele.

"Mstari hauna breki, mama."

"Basi geuka!"

"Nikigeuka sitakuwa mstari tena. Nitakuwa kitu kingine."

Nami siwezi kusimama. Napita katikati ya zahanati, wagonjwa wananiamkia. Napita jikoni kwa dada yangu, anaepa na sufuria. Napita sokoni Mwanga, nashindwa hata kununua chumvi. Nikitazama juu, Baba Namkunda amebaki kofia tu.

Pima Maji anatembea kando yangu. "Nilisema mtakutana. Sikusema mara ngapi. Ni mara moja tu."

"Na wale wa mteremko sawa?"

"Hao hawakutani."

"Wala hawaachani?"

Povu linakwenda huku, linarudi huku. Hajawahi kuulizwa hivyo. "Wala hawaachani. Nafasi kati yao ni ile ile mpaka karatasi iishe."

"Nafasi hiyo, mkono unafika?"

"Inategemea mnaanzia wapi."

"Tukianzia mahali pamoja?"

"Hapo mtakuwa mstari mmoja."

"Hapana, anakoroma. Niweke ubavuni tu."

Anaita raba. Inakuja raba ya Nakijwa, imetafunwa pembeni, inafuta soko, inafuta zahanati, inatukohoza kwa vumbi. Tumerudi mwanzo, kitanda chake na changu, ubavu kwa ubavu.

Nahitaji matofali. Nakwenda kwenye banda la kuku, lile ambalo Baba Namkunda analijenga tangu Nakijwa hajazaliwa. Kuku wetu mwekundu amesimama mlangoni.

"Hayo ni ya ukuta wetu," ananiambia.

"Nayaazima."

"Mumeo naye alisema ukuta unaisha Jumamosi."

Siwezi kubishana na mwenye haki. Nageuka tu, matofali yananifuata. Mtu ananiinulia kitanda nikiwa juu yake, simuoni, anahema, anakohoa. Matofali yanaingia miguuni.

"Hasi robo!" Povu linapiga kelele.

Naanza kushuka kichwa mbele kuelekea kwenye mfereji, na Baba Namkunda anapanda. Tunaachana vibaya kuliko kwanza.

"Kichwani!" nafoka. "Kichwani, baba, kichwani!"

Dunia ikainama taratibu. Povu likatulia katikati, likafumba.

Nikaamka. Kumekucha. Nimeteleza mpaka nyayo zinaning'inia mwisho wa kitanda, na kichwa changu kiko juu. Nikachungulia chini: kichwani kuna matofali mawili, moja lina unyoya mwekundu. Kule miguuni, sakafuni, kuna alama mbili za vumbi jekundu, pembe nne nne. Mtu alianzia huko kwanza. Ukutani umeegemezwa mpini wa jembe, nao una vumbi lile lile.

Nikatazama viganja vyangu. Visafi.

Mkono wa Baba Namkunda ulikuwa juu ya wangu. Nikaugeuza. Mwekundu kama wa mfyatua matofali.

"Unahama leo?" nikamuuliza.

Hakufumbua macho. "Nikahamie wapi, na mtu mwenyewe anafoka usiku kucha kichwani, baba, kichwani?"

Nje kuku akaanza kulalamika. Tukamwacha alalamike, kila mmoja akiwa kitandani kwake.