Migomba Kati ya Matangi ya Maji

Jumamosi mchana Matilda alikuwa jikoni, mikono ameipaka mafuta, anamenya ndizi mshare za kupikia supu ya mtori. Mlango wa sebuleni aliuacha wazi ili awasikie wacheza gemu, kwa sababu wakinyamaza maana yake wamevunja kitu. Walikuwa wawili: binti yake Caroline, anayesoma chuo akitokea nyumbani, na Ridhiwani wa ghorofa ya pili, anayeuza kava za simu Mtaa wa Msimbazi na kufunga meza yake mapema kila Jumamosi. Wakati ule hawakuwa wakicheza. Walikuwa wanabishana.

Ubishi ulihusu daraja. Katika gemu lile kuna kisiwa kimefunikwa na ukungu, nao ukungu unaondoka pale tu unapopita. Mahali ukishapita panabaki wazi kwenye ramani. Caroline alikuwa amerudi kwenye kijiji alichokifungua zamani, akilitegemea daraja aliloliona kwenye ramani, kumbe daraja liliungua yeye akiwa kwingine. Akaanguka mtoni na farasi wake akafa. Alisema aliyelitengeneza gemu lile ni mvivu, na ramani inayoonyesha daraja wakati daraja halipo ni ramani ya uongo.

"Inaonyesha ulivyopaacha," alisema Ridhiwani. "Ulitaka ikupigie simu? Ikuambie, dada, pole na msiba, daraja limeungua?"

"Nilitaka isinionyeshe kitu ambacho hakipo."

"Ukitaka habari mpya, nenda. Ndiyo maana ya kutembea."

Ridhiwani alikuwa na haki ya kujivuna. Gemu lile linatoa vikombe kwa mambo yasiyo ya lazima, na yeye alikuwa navyo vyote, kasoro kimoja ambacho hakuna aliyejua kinapatikanaje. Alipanda kila kilima, akafungua kila mtungi, akahesabu kuku wa kila kijiji. Caroline alisema huko si kucheza, ni kutumwa. Mama yake Ridhiwani akimtuma chumvi haendi, lakini gemu likimtuma kuhesabu kuku anakwenda mbio.

"Mama hatoi kikombe," alisema Ridhiwani.

Bibi Clotilda alikuwa kwenye kochi na rozari yake, akiwasikiliza. Alikuwa mama mzazi wa Ansbert, mume wa Matilda. Aliletwa mjini na mwanawe, yeye na mfuko wake mmoja, kutoka Marangu ili atibiwe macho. Macho yalipona mapema. Baada ya hapo aliambiwa ana presha, na kwamba safari ya kurudi mlimani ni ndefu mno kwake. Desemba iliyopita familia nzima ilikwenda nyumbani kula Krismasi, kama wanavyofanya Wachaga wote wa mjini, na yeye akaachwa na ndugu mmoja wa Matilda. Tangu hapo kila Jumamosi alimuuliza mwanawe kama safari hii atapelekwa.

Siku hiyo alimuuliza Ridhiwani akishafungua kila kitu huwa anafanya nini.

"Narudi nilipoanzia, bibi. Nakaa tu, naangalia."

"Hata mimi," alisema Bibi Clotilda. Akachukua fimbo yake, akatoka kwenye balkoni, na mji ukafunikwa.

Ukungu ulikuwa wa kijivu na hauna harufu. Kutoka ghorofa ya nne pale Mchafukoge kilichobaki wazi ni geti la chini, barabara ya kwenda kliniki ya macho, na barabara nyingine nyembamba ya kwenda kanisani Posta. Kwingine kote hakuna kilichoonekana, ingawa honi za bodaboda na mtu wa kutangaza bei kwa spika viliendelea kusikika humo ndani. Ila juu ya paa la jengo la jirani, katikati ya matangi mawili meusi ya maji, palikuwa wazi kabisa. Palikuwa na migomba na miche ya kahawa, nyumba ya bati lililoshika kutu, banda la ng'ombe, mimea ya masale ya mpakani, na kaburi jeupe lenye msalaba uliolala kidogo upande. Kwenye bomba la uani palikuwa na ndoo ya bluu imefunikwa kichwa chini.

"Ndoo yangu," alisema Bibi. "Niliisahau siku ile gari linapiga honi."

Caroline na Ridhiwani walitoka, wakasimama pembeni yake, wakaona anachokiona. Ridhiwani alipiga hesabu kwa macho, akamwambia bibi kwamba mji huu wa Bongo bado hajaufungua kabisa. Matilda naye alikuja, mikono juu kwa sababu ya mafuta. Aliziangalia nguo zake alizoanika, akagusa shati moja kwa kiwiko, akaona ukungu haulowanishi. Kisha akaangalia migomba. Akamwambia Caroline asogeze kamba ya nguo upande wa pili, maana shuka lilikuwa linaziba kaburi, akarudi kwenye ndizi zake.

Matilda alijua migomba ile haipo. Ansbert aliikata yote mwezi uleule aliomleta mama yake mjini. Nyumba ya bati aliibomoa, akajenga nyumba ya wageni wanaokuja kupanda mlima, na uani kote akapanga matofali ya pevingi ili magari yapate pa kuegesha. Kaburi la baba yake lilikuwa linazuia magari kugeuza, kwa hiyo msalaba uling'olewa na pevingi zikapita juu. Familia yote ilijua. Desemba iliyopita walilala kwenye vyumba vile na wakavisifia. Ridhiwani hakujua, na Bibi Clotilda hakuambiwa.

Ansbert alirudi jioni kutoka dukani kwake Kariakoo, anakouza sufuria kwa jumla. Mama yake alikuwa bado kwenye balkoni. Ansbert alisimama nyuma ya kiti chake, akaangalia katikati ya matangi. Kisha akauliza chakula kama kimeiva.

Kuanzia siku hiyo mambo yakawa hivyo. Bibi akitoka nje, mji unafunikwa. Akiingia ndani kusali, mji unarudi. Majirani wa ng'ambo walizoea kuwasha taa za madirishani mchana. Mwenye matangi alikuja kuomba radhi kwamba fundi wake lazima apite pale kusafisha, na Bibi akamruhusu, ila asikanyage miche ya kahawa. Fundi akapita pembeni.

Ridhiwani ndiye hakutulia. Alisema mtu hawezi kukaa mjini muda wote huo na ramani yake iko vile, ni aibu kwa jengo zima. Akaanza kumchukua Bibi kwa bajaji. Alimpeleka kwenye kivuko cha Magogoni, na pantoni ilipopiga honi kitu kikalia ting, na kwenye pindo la kanga ya Bibi kikapatikana kikombe kidogo cha bati. Walipofika sokoni Kariakoo, kwenye ndizi, ikalia tena. Mnazi Mmoja ikalia. Kila waliporudi, ukungu ulikuwa umepungua kipande, na Ridhiwani alieleza kwa furaha kipande gani, huku Bibi akiomba maji ya kunywa.

Vikombe Bibi alimpa Matilda. Matilda aliviosha, kimoja akakiweka kwenye kopo la iliki, vingine akapimia sabuni ya unga.

"Hivi vinatosha, mjukuu wangu," Bibi alimwambia Ridhiwani baada ya safari ya nne au ya tano. "Hata chai haviingii. Mimi nataka kwangu."

"Kwako hakutoi kikombe, bibi. Kule ulishafungua."

"Basi nitakwenda bure."

Novemba ilipoingia, Caroline akawa hakai. Anakaa kwenye kochi, anasimama, anakwenda balkoni, anarudi, anawasha gemu, anazima. Alimtafutia Ridhiwani ugomvi wa daraja upya. Alisema mtengenezaji mwenye akili angeweka hata alama ndogo, mstari mwekundu, kitu cha kumwambia mchezaji kwamba hapa pamebadilika. Ridhiwani alisema ukishaweka mstari mwekundu umeua utamu wa kugundua. Caroline alimwambia si kila kugundua kuna utamu. Ridhiwani akamuuliza farasi mmoja tu ndiyo anamlilia mpaka leo? Caroline akatupa padi ya gemu kwenye kochi, akaenda jikoni.

Alimwambia mama yake kwamba atakata tiketi mbili za basi, yake na ya Bibi.

Matilda alikuwa anachambua dagaa. Hakuinua kichwa. "Ukimfikisha pale, migomba ile inafutika," alisema. "Umemsikia Ridhiwani wako. Atarudi hapa, atakaa kwenye balkoni ileile, ataangalia pevingi."

"Atakuwa ameona kilichopo."

"Halafu wewe utampa nini?"

"Mama, tumuulize mwenyewe."

"Kuna wa kuulizwa, naye ni baba yako. Katakata vitunguu."

Caroline alikatakata vitunguu. Bibi hakuulizwa. Jumamosi alimuuliza Ansbert kama kawaida, na Ansbert akasema presha. Mashine ya kupimia presha ilikuwa juu ya kabati, na ilikuwa haijashushwa tangu Kwaresma.

Desemba walipakia gari: mchele, sukari, mafuta, nguo za mtumba za kuwagawia ndugu, na mashuka mapya ya nyumba ya wageni. Caroline alikataa kwenda. Alisema atabaki na Bibi. Ansbert alitaka kufoka, Matilda akamwambia waachane naye, foleni ya Kimara haisubiri. Bibi aliwaaga kutoka kwenye balkoni. Gari lilipotoka getini liliingia kwenye ukungu, ingawa kwao waliokuwa ndani jua lilikuwa linawaka.

Siku ya Krismasi Caroline alipika pilau akaiunguza kidogo chini. Ridhiwani alikuja kula, akaleta soda, akamwamkia Bibi, Bibi akamwitikia marahaba. Wakahamishia meza balkoni. Kati ya matangi migomba ilikuwa mibichi, ndoo iko pale pale. Hawajamaliza kula, simu ya Caroline ikaita. Alikuwa Ansbert, na hakupiga ya video. Caroline alimpa bibi yake, akaweka sauti kubwa.

Ansbert alimtakia mama yake heri ya sikukuu. Alisema ndugu wote wazima, ng'ombe wanakula, mvua ilinyesha vizuri. Nyuma yake gari lilikuwa linarudi nyuma na mtu anaelekeza, njoo, njoo, kata kulia.

"Kaburini kwa baba yako umefika?" aliuliza Bibi.

"Nipo hapo sasa hivi, Mama. Nimeshammwagia pombe yake ya mbege."

Bibi Clotilda alivaa miwani. Akaangalia katikati ya matangi, akaangalia tena.

"Kaburi naliona," alisema. "Wewe sikuoni."

Kwenye simu muungurumo wa gari ulikoma.

"Nimesimama upande wa juu, Mama."

"Upande wa juu kuna mgomba. Una mkungu, bado haujakomaa. Hakuna mtu."

Ansbert alisema mtandao unasumbua, angepiga baadaye. Hakupiga.

Bibi aliiweka simu mezani, akafuta kioo chake kwa upindo wa kanga kama anafuta sahani. Caroline alikuwa anaangalia pilau yake. Ridhiwani alikuwa anatafuta nyama.

"Mjukuu wangu," Bibi alimwambia Ridhiwani, "lile daraja la kwenye kisiwa chenu. Kwenye ramani linafutika lini?"

"Mpaka mtu afike mwenyewe, bibi."

"Na asiyefikishwa?"

"Huyo analiona zima tu, siku zote."

"Ndiyo maana hawanipeleki," alisema Bibi Clotilda.

Ikalia ting, kubwa kuliko zote za nyuma, na kikombe kikaanguka mapajani mwake. Kilikuwa kizito, si cha bati. Ridhiwani alikiomba, akakigeuza, akakisoma chini, akakirudisha. Hakikuwa kwenye orodha yoyote aliyowahi kuiona. Aliuliza amekipataje. Bibi alisema hajainuka kwenye kiti tangu asubuhi. Ridhiwani alikasirika, na soda yake hakuimaliza.

Ridhiwani alipoondoka, Caroline alivuta kiti karibu na bibi yake. "Nikate tiketi, bibi? Hata kesho."

Mkono wa Bibi ulikuwa kwenye kikombe, macho yakiwa kwenye ndoo.

"Sitaki kupelekwa na wewe," alisema. "Anipeleke yeye. Asimame na mimi pale, anionyeshe kwa kidole."

Matilda na Ansbert walirudi baada ya Mwaka Mpya, na ndizi na parachichi kwenye buti. Matilda alikikuta kikombe juu ya meza, akakiosha, akakipima mkononi, akaona hakifai kwa sabuni. Akakiweka kwenye kabati la vioo, kati ya picha ya harusi na picha ya Caroline ya kidato cha sita. Ansbert alipita mbele ya kabati mara kadhaa siku hiyo, na kila mara alipita haraka.

Jumamosi mama yake alimwita balkoni.

"Nipeleke nyumbani, Ansbert."

"Presha, Mama."

"Nipeleke wewe."

"Tutaona, Mama."

Sebuleni Caroline na Ridhiwani walikuwa wamewasha gemu jipya, lisilo na ukungu wala vikombe, na walikuwa wanabishana kama hilo nalo ni gemu. Matilda alikuwa jikoni, mikono ina mafuta. Februari Ansbert alipeleka nondo na saruji Marangu, akaanza kujenga ghorofa ya pili ya nyumba ya wageni. Kutoka kwenye balkoni haikuonekana.