Mtoto Amkimbilie Baba

Kazini walimwita Msomi, na wala haikuwa sifa. Alikuwa bado kwenye majaribio, lakini tangazo la kampeni la mgombea aliliandika kama mtu anayeandika wasia wa taifa: jioni, mheshimiwa anaingia sebuleni, binti yake mdogo anatupa mwanasesere na kumkimbilia. Alipolisoma peke yake alilia, akayachukua machozi yake kuwa ushahidi.

Siku ya kurekodi, kikwazo kikawa mtoto. Kila mheshimiwa alipopiga goti mlangoni na kukunjua mikono, binti alimgeuzia kisogo, akaenda kumkumbatia dereva aliyesimama nyuma ya kamera. Dereva ndiye anayempeleka shule, anayemrudisha, anayemfunga kamba za viatu. "Mjomba, twende," mtoto alisema, na dereva akatazama chini kama mwizi wa kuku.

Mama mtoto alijitia kupanga mito ya makochi. Bosi akamvuta Msomi pembeni, akamwambia kwa upole wa kutisha kwamba jua likizama bila picha hiyo, kesho asijisumbue kuja.

Hapo ndipo Msomi alipopaswa kusimama upande wa ukweli. Siku ya usaili aliwahutubia waliomhoji juu ya ukweli mpaka chai zao zikapoa. Badala yake akili ilimjia mbio, na aibu ni kwamba ilikuwa akili nzuri. Alimwomba dereva atoke nje, achuchumae nyuma ya mgongo wa mheshimiwa, kisha amwite mtoto.

Mtoto akatimua mbio, uso umemchanua, akaishia mikononi mwa baba aliyeziba njia. Mafundi wa taa wakapiga makofi. Bosi akasema kumbe shule inasaidia, na Msomi, Mungu amsamehe, akavimba kichwa.

Mheshimiwa akaomba kuiona picha. Akainama kwenye kioo cha kamera, akataka irudiwe, kisha akauliza polepole, "Hapa anamtazama nani, kijana wangu?"

Msomi akaona mtu mzima yule anavyolisubiri jibu, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Anakutazama wewe, mheshimiwa."

Mheshimiwa akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la kwanza siku ile ambalo hakuna aliyemwelekeza, na hakuna aliyekuwa akirekodi.