Mbuzi Aliyefichwa

Frida alikuwa mtafiti wa mifugo mjini Dodoma. Mwaka 1994 alichoma mifupa ya ng'ombe, akaisaga ikawa unga wa kalsiamu fosfeti, madini yanayojenga mfupa, akautumia kuunga mifupa iliyovunjika ya mbuzi saba. Sita walipona. Wa saba kidonda chake kilitunga usaha, akafa, na Frida hakumwandika kwenye ripoti.

Daktari mmoja aliisoma, akamfuata maabara. "Nina mgonjwa mtaa wa Miyuji, Jenifa, mfupa wake uliovunjika hauungi. Nimeshamwahidi unga wako."

Frida aliinamisha kichwa. "Usimwekee, daktari. Mbuzi mmoja alikufa. Nilimficha."

Daktari aliondoka bila kuaga. Jumamosi Frida alikwenda mwenyewe kwa Jenifa, akamweleza ukweli wote.

"Kwa hiyo nisiungoje tena huo unga?" Jenifa aliuliza.