Jogoo Wawili wa Kura

Kitu cha kwanza alichokiona Kavetsa kilikuwa kibanio cha baiskeli. Kilikuwa kimeng'ang'ania mguu wa kulia wa suruali ya mgeni, na mgeni mwenyewe alikuwa amesahau kukitoa. Kavetsa alikuwa na haya tangu utotoni, na mtu mwenye haya huwajua watu kwa miguu yao kabla hajawajua kwa nyuso. Kibanio kile kilimwambia kwamba mgeni huyu hakuja kukaa.

"Sasa, msichana. Hapa ndio kwa akina Jentrix?"

"Ndiyo, mzee. Mimi ni mdogo wake. Karibu ndani."

"Siingii, bado nina nyumba nyingi. Mimi ni Mburu, tarishi wa chuo. Mwalimu Gerishon amesema hivi: kesho tunafunga mwaka, na mara hii kutakuwa na kura. Watu wa nyumbani waje. Tena wakuje wengi!"

Akapanda baiskeli yake, akateremka na kichochoro cha Kisumu Ndogo, pale Kibera, akipiga kengele ili kuku na watoto wampishe.

Kavetsa alibaki mlangoni na karai lake la omena, vile visamaki alivyokuwa akiuza, akilitafuna lile neno. Kura. Angekuwa mgeni wa Nairobi lingemchanganya, lakini yeye alikuwa amekwisha kuwa mwenyeji. Mama Mkikuyu aliyemuuzia sukuma wiki akikaribishwa uji humwambia, "Asante, nimeshakura." Mwenye nyumba naye akija kudai kodi aliuliza, "Mnakura nini leo?" Hakuna aliyemfundisha Kavetsa, alijigundulia mwenyewe, na ugunduzi huo ulimpendeza kama mtu aliyeokota ufunguo: Mkikuyu akisema kura, anataka kula.

Kumbe chuo kinafanya karamu!

Kwao Maragoli mtu haendi karamuni mikono ikining'inia. Nyuma ya nyumba walikuwa wamefungwa jogoo wawili ambao mama yao aliwatuma kwa basi kutoka nyumbani, wa Krismasi. Kavetsa aliwatazama. Mmoja wao alimtazama pia, kwa jicho moja, kama anayejua.

Jentrix hakuwepo wa kuulizwa. Wiki ile ya mwisho alilala kwa rafiki yake Kawangware ili asaidie kupanga ukumbi. Kwa miaka miwili Jentrix alikuwa akifua nguo za watu mchana na jioni akienda kusoma katika Chuo cha Biashara cha Mapambazuko. Nyumbani alijifunza kupiga chapa juu ya kipande cha boksi alichokichora herufi, maana mashine hawakuwa nayo. Na kila mwisho wa mwaka, mwanafunzi bora wa chuo hupewa mashine moja aende nayo kwake. Jentrix aliitamani mashine ile hata akawa anaiota. Kavetsa alilijua boksi lile herufi kwa herufi, kwa sababu ndiye aliyelifuta vumbi kila asubuhi. Lakini hilo halikuwa jambo la kumwambia mtu.

Basi akachinja.

Kesho yake yeye na jirani yao Rosebella walishika njia ya Kawangware. Kavetsa alijitwika sufuria kubwa ya kuku, ile yenye kibonyeo ubavuni. Rosebella akajitwika beseni la ugali uliofungwa kwa kitambaa. Kufika Dagoretti Corner, mbwa watatu walikuwa wakiwasindikiza.

"Hawa pia wamealikwa?" Rosebella aliuliza.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa, nao ulijaa. Walikaa karibu na mlango, sufuria miguuni pao. Jentrix alikuwa mbele na wanafunzi wenzake, amevaa blauzi nyeupe, hakuwaona. Mwalimu Gerishon Thuo, mkuu wa chuo, mtu mfupi mwenye tai ndefu, alisimama kusoma habari za mwaka.

"Mwaka huu wa sabini na tisa tumevuna," alisema. "Kaloki, aliyesoma hapa hapa, amepata nafasi Chuo Kikuu. Anasomea biashara!"

Makofi.

"Omolo ameandikwa kazi bandarini. Wasichana wetu wa hati mkato wamepita wote, hata yule aliyekuwa akisinzia."

Makofi na vigelegele, na msichana mmoja akaficha uso.

"Na mwisho, baada ya maombi mengi, chuo kimepata choo."

Hapo watu walipiga makofi kuliko walivyompigia Kaloki.

"Sasa, mwanafunzi bora." Mwalimu alikohoa. "Mwaka huu alama zimegoma. Jentrix na Muthoni wamelingana, sisi walimu tumeshindwa kuwatenganisha. Ndiyo maana nilimtuma Mzee Mburu. Nyinyi wageni ndio mtakaoamua. Mtawasikiliza wote wawili, halafu kila mtu atatia punje moja ya mahindi katika kopo la anayemtaka."

Akainua makopo mawili ya maziwa, matupu.

Kavetsa aliyaona makopo, akaelewa. Kura ilikuwa kura.

Alinyoosha mguu polepole aisukume sufuria chini ya benchi. Kifuniko kikasogea. Harufu ya kuku aliyekaangwa kwa kitunguu na nyanya ikatoka bila kuomba ruhusa, ikapita safu baada ya safu, na vichwa vikawa vinageuka kama mahindi yanayopigwa na upepo.

"Ngoja kidogo, Mwalimu!" Aliyesimama alikuwa Wakarima, mama yake Muthoni, muuza viazi wa soko la Kawangware, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita wateja kutoka mbali. "Hiyo sufuria ina nini?"

"Kuku," Rosebella alijibu kabla Kavetsa hajamfinya.

"Kuku wa nani?"

"Wa kila mtu."

"Mmesikia? Kuku wa kila mtu, kabla ya kura! Mwezi jana mtu ametuletea sukari hapa, tukampa kura, mpaka leo tunatafuta kivuli chake. Leo tena tunaletewa kuku? Hii ni hongo!"

Ukumbi ukachemka. Wengine walicheka, lakini sauti moja kutoka nyuma ilisema, "Anayehonga atolewe," na nyingine ikaitikia, "Ndiyo, sheria ni sheria."

Mwalimu Gerishon alikuna kichwa. "Jentrix, unaijua sufuria hiyo?"

Jentrix aligeuka. Alikiona kile kibonyeo cha ubavuni, akamwona mdogo wake, na midomo yake ikasema bila sauti: jogoo wa Krismasi?

"Ni ya kwetu, Mwalimu," alisema taratibu. "Lakini sijui imefuata nini hapa."

"Basi aliyeileta aseme mwenyewe. Akinyamaza, itabidi niondoe kopo moja."

Kavetsa alisubiri ardhi impasukie, lakini saruji ya kanisa ilikuwa imara. Rosebella hangeweza kumsemea, maana hakuwepo Mzee Mburu alipokuja. Akasimama. Alitazama chini, na kote kulikuwa na viatu tu: viatu vya Jumapili, vya plastiki, vya kukatwa kwa tairi. Halafu, kwenye mguu mmoja karibu na ukuta, akakiona kibanio cha baiskeli. Mzee yule bado hakuwa amekikumbuka! Kavetsa akaamua kusema na kibanio.

"Nilidhani ni kula."

"Sema kwa nguvu!"

"Mzee Mburu alisema kuna kura. Na nyinyi... nyinyi mkisema kura..."

"Tukisema kura, nini?" Wakarima alishika kiuno.

"Huwa mnataka kula."

Hata mbwa waliokuwa nje ya mlango walionekana kungoja. Kisha Mzee Mburu akapiga paja lake.

"Uui! Huyu msichana anasema kweri!"

Ile "kweri" ndiyo iliyoumaliza ukumbi. Watu waliangukiana. Mwalimu Gerishon alijifunika uso kwa zile habari za mwaka, tai ikitikisika.

Wakarima peke yake hakucheka; alikuwa akingoja zamu yake. "Na nyinyi Waluhya je? Mmoja alikuja kwangu akaniambia, 'Mama, nina pata.' Namuuliza, umepata nini? Ananijibu, 'Pata, mama, pata!' Tumebishana mpaka pata yenyewe ikalia kwa kikapu. Kumbe alikuwa anauza bata!"

Sasa upande wa Waluhya ndio uliokuwa ukifuta machozi. Na Kavetsa, ambaye bado alikuwa amesimama kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae, alisikia sauti ikiuliza kwa adabu:

"Na wewe ukamkura?"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Wakarima alicheka hadi kitambaa kikamdondoka kichwani. "Mwalimu," alisema akikiokota, "huyu hajahonga mtu. Huyu ametuchapa bure. Usiondoe kopo."

"Basi kura kwanza," Mwalimu aliamua, "kula baadaye. Mzee Mburu, linda sufuria. Na usiionje!"

Muthoni alisimama akasema angefungua darasa la kuwafundisha wasichana wa Kawangware kupiga chapa, akapigiwa makofi. Jentrix akasema kwamba kule Kibera mtu akitaka barua ya kuombea kazi ni lazima aende mjini kwa miguu, na wengi hufika jioni, ofisi zimefungwa. "Mashine hii ikikaa Kisumu Ndogo," alisema, "barua zitatangulia, sisi tutazifuata." Watu wakapanga foleni, punje zikawa zinalia makoponi kama mvua ya kwanza kwenye mabati. Mwalimu alipoyamimina mezani, rundo la Jentrix lilikuwa kubwa zaidi, si sana, lakini hakuna aliyehitaji kuinama kulipima.

Rosebella alipiga kigelegele kilichowatawanya mbwa.

"Haya," alisema Wakarima, baada ya kufuta machozi ya binti yake na kumwambia kwamba mwaka una mwenzake. "Kura nimeshindwa. Sasa nipewe kula."

Kavetsa ndiye aliyepakua. Kwao firigisi hupewa mgeni wa heshima, na jogoo walikuwa wawili: moja akampa Mzee Mburu, ya pili Wakarima. Wakarima aliitafuna macho yamefumbwa, akatangaza kwamba mwaka ujao naye ataleta viazi, na atakayemwita mhongaji atajuana naye.

Alasiri walirudi Kibera. Mashine ilikuwa nzito na haikuwa na mpini, kwa hiyo waliiweka ndani ya sufuria iliyowaleta kuku, Kavetsa akajitwika. Rosebella alitangulia, akimsimulia kila waliyekutana naye. Jentrix alitembea kando ya mdogo wake, mkono mmoja ukiishika sufuria isiyumbe.

"Wewe utauza omena upande huu wa mlango, mimi nitapiga chapa upande ule," alisema. "Barua za watu zitanuka samaki, lakini zitafika." Alicheka. "Kavetsa, sikujua una maneno. Umekaa nayo wapi siku zote hizi?"

Kavetsa alikuwa darasa la tano mama yao alipougua, na mtu akahitajika wa kubaki nyumbani. Mama alipopona, hakuna aliyemwuliza lolote; waliona anapika vizuri, hanung'uniki, wakadhani ameridhika. Naye hakusema, akawa anafuta vumbi la herufi. Mashine ilitikisika ndani ya sufuria, ikatoa mlio mdogo wa kengele.

Alisimama katikati ya njia, mzigo kichwani. Huwezi kutazama chini ukiwa umejitwika mashine. Akamtazama dada yake usoni.

"Dada," alisema, "mimi nilitaka kurudi shule. Hata sasa nataka."